Mate Juu ya Kinyago

Nilipitisha pamba yenye mate yangu juu ya paji la kinyago, na harufu ikanipanda puani kabla pamba haijageuka kahawia. Kahawa iliyochacha, mafuta ya mbuzi, na mkojo. Nilikimbilia dirishani nikatapika uji wote wa asubuhi juu ya maua ya mkurugenzi.

Mate hayakuwa ujinga wangu. Ndivyo tulivyofundishwa sisi wanafunzi wa uhifadhi wa malikale: mate ya binadamu huondoa uchafu wa mikono na moshi bila kuumiza rangi, tena ni ya bure. Mama Verediane, mhifadhi aliyenisimamia katika jumba dogo la makumbusho kando ya ziwa hapa Gisenyi, alikuwa na sharti moja tu. "Usile vitunguu kabla ya kazi, mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukoba, alikokulia. Kinyago kile ndicho kilikuwa mtihani wangu. Nikisafishe, nikichunguze, niandike ripoti na kutia sahihi. Ripoti ikikubaliwa, ningepata kazi pale pale. Kadi ya kinyago ilisema kilichongwa ng'ambo, Kongo, zaidi ya miaka mia iliyopita, na mkurugenzi alikuwa ameshakitengea kabati la kioo mlangoni.

Nilijipangusa mdomo, nikakigeuza. Ndani, nyuma ya paji, palikuwa na alama ya kuungua, pana chini na yenye ncha juu. Pasi ya mkaa ya mama mdogo, mke wa baba yangu mdogo na fundi cherehani. Niliiweka pale mimi mwenyewe nikiwa mtoto wa darasa la pili, nikachapwa hadi nikalala kifudifudi siku mbili.

Baba mdogo Twahir alinilea tangu baba yangu alipofariki. Uani kwake, mwendo wa dakika chache kutoka mpakani, vinyago vipya vya Goma vilizeeshwa kwa wiki tatu ili viuzwe kama vya kale. Vililowekwa kwenye beseni la kahawa, vikapakwa mafuta ya mbuzi, vikafukizwa moshi. Na kila asubuhi, kabla ya shule, sisi watoto wa nyumba tulipangwa foleni mbele ya beseni hilo tukojoe humo, wasichana tukichuchumaa juu ya matofali mawili huku wavulana wakitucheka. Aliyebana alikosa chai. Nasimulia haya nikiwa mtu mzima na bado naona kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele ndani ya tonge. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hawakuwahi kukinusa.

Alasiri nilimkuta baba mdogo mkekani, anakula sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilimweleza nilichokiona.

"Sasa shida iko wapi?" akasema bila kuacha kutafuna. "Batu banapenda kitu ya zamani, mi nabapatia zamani. We ulikula hapa, ulisoma hapa, yote juu ya hii kazi."

"Baba mudogo, uliuzisha mukojo yetu."

"Na we unaona haya ya mukojo yako?" Alicheka, na kipande cha samaki kikaruka kutoka mdomoni kikatua kwenye mkono wangu. Kisha akaacha kucheka. "Andika kama iko ya zamani. Ukiandika jina yangu, donc usirudie tena humu."

Niliufuta mkono kwa kanga mpaka ngozi ikauma. Lakini aliyenichukiza zaidi si yeye. Kesho yake, njiani kwenda kazini, nilijikuta nikitunga ripoti ya uongo kichwani, na ilikuwa nzuri ajabu: masizi ya jiko la kale, mafuta ya mikono ya vizazi vitatu. Maneno yalinijia yenyewe, matamu, bila kuitwa. Nani angekisifia kinyago kile kuliko mtu aliyekikojolea? Nilijichukia mpaka mate yakawa machungu.

Fomu ya ripoti ilikuwa imeshachapwa. Mbele ya neno "Muundaji" walikuwa wameandika "Hajulikani." Nililikata kwa mstari mmoja, nikaandika: Twahir, mfanyabiashara wa Gisenyi, pamoja na watoto wa nyumbani kwake, mmojawao mimi. Chini yake nikaorodhesha kahawa, mafuta ya mbuzi na mkojo, kisha nikatia sahihi. Nilijua sanduku langu la nguo litakuwa nje ya geti la baba mdogo kabla ya magharibi, na kweli lilikuwa.

Mama Verediane aliisoma mara mbili, amesimama. Alivua glavu zake polepole, akanirudishia karatasi pamoja na kalamu.

"Umesahau tarehe ya kutengenezwa," alisema.

Nikaandika mwaka niliokuwa darasa la pili.