Usipulize Mpaka Nikwambie

Mashavu alifunga vifungo vya sare mbele ya kioo, shavu la kulia limemvimba kama mtu aliyebugia kiazi cha moto akashindwa kukimeza wala kukitema. Mkewe alimnyooshea kola.

"Umeshawaambia lakini?"

"Ndio nakwenda kuwaambia."

Alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya halmashauri. Magego yake ya juu upande wa kulia yaling'olewa zamani, na yale ya bandia yalimchomoka kila alipopandisha sauti. Hospitali ya chuo ilikubali kumpandikizia mengine bure, maana wanafunzi walihitaji mtu wa kujifunzia. Kumbe mfupa wa kushika jino jipya haukuwapo tena. Taya lilikuwa limelika.

Jumatatu wakampasua ufizi. Daktari mkuu, mama mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba juu ya taya, nyuma ya shavu, mna chumba cha hewa chenye ngozi nyembamba kama ile ya ndani ya ganda la yai. Wameiinua ngozi hiyo, chini yake wametia chengachenga za mfupa. Zikitulia kwa miezi kadhaa zitashikana ziwe mfupa, ndipo jino lipandikizwe.

"Usipenge kamasi. Chafya ikija, achama. Na tarumbeta, baba, usipulize mpaka nikwambie. Ngozi ikichanika, kazi yote imekwenda na maji."

Leo ilikuwa Ijumaa. Afisa utumishi alimsikiliza huku akichezea simu.

"Meno? Watu wana figo mbovu na wanakuja kazini. Meno ni urembo, bwana."

"Mzee, sikuomba kulala nyumbani. Nipe hata ngoma nibebe."

"Mgeni rasmi anakuja, wewe unataka niweke pengo kwenye safu?"

Nje, mkuu wa bendi, aliyeanza naye kazi, alimvuta pembeni. "Simama tu na wenzako. Weka midomo, tingisha vidole. Nani atajua?"

Wimbo wa kwanza ukapita salama. Jua lilikuwa kali, jasho likamtiririka hadi kwenye mshono. Wa pili ulipoanza, alisikia viatu vikitembea nyuma ya safu, vikasimama mgongoni pake.

"Wewe, mbona husikiki?" Afisa utumishi alimwinamia sikioni. "Puliza, au kavue sare sasa hivi."

Nyumba aliyokaa na mkewe na mabinti zake ilikuwa ya halmashauri. Hakuvua sare. Alipuliza kidogo, kwa kuiba, lakini viatu havikuondoka. Basi akajaza kifua.

Kitu kikaachia nyuma ya shavu, kimyakimya kama karatasi iliyolowa. Pumzi ikamtokea puani. Damu ikashuka kooni, ya chumvichumvi, naye akaimeza akiendelea kupiga. Mgeni rasmi alipiga makofi. Baadaye, chooni, Mashavu alifungua leso yake akaona chenga nyeupe katikati ya wekundu.

Alasiri, hospitalini, daktari alimsafisha, akamshona upya, akambana pamba. Hakumkaripia.

"Ngozi imechanika. Chenga tulizotia zimetoka. Tuache pafunge penyewe."

"Nitarudi lini kuanza tena?" aliuliza kwa shida, pamba mdomoni.

"Nafasi ya bure ni mara moja, baba. Wako wengi wanaosubiri." Daktari aliwageukia wanafunzi waliokizunguka kiti. "Kwa nini kazi hii imeharibika?"

"Mgonjwa hakufuata masharti," mmoja akajibu.

"Haya. Andikeni."

Mashavu aliitoa pamba kwa vidole, uzi wa damu ukaning'inia mdomoni.

"Futeni hiyo. Masharti niliyafuata mimi. Andikeni kwamba niliamriwa kupuliza, na aliyeniamuru nitawatajia."

Kalamu zikasita. Daktari akachukua pamba nyingine, akaisogeza taratibu mdomoni pake.

"Uma, baba. Usiongee, utavuja damu."