Toleo la Nne la Fagio

Wateja walimwita Bisibisi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke mwembamba asiyeishiwa maneno, mwenye kibanda cha upana wa mlango mmoja kati ya kinyozi na duka la vitambaa. Ukimpelekea mashine iliyogoma, kwanza aliipuliza vumbi, kisha akachomeka fleshi yake nyekundu na kuwasha Fagio.

Fagio ilikuwa programu ndogo ya bure. Ilifuta takataka zinazojaza kompyuta, ikapima afya ya diski, ikafufua mafaili yaliyofutwa kwa bahati mbaya. Aliyeiandika ni kaka yake, na wao walizaliwa wawili tu. Aliiweka mtandaoni, achukue anayetaka. Baba yao, seremala wa siku nyingi, jambo hilo halikumwingia kichwani hata siku moja.

"Mimi nikitengeneza kiti, mtu anakikalia," alikuwa akisema. "Wewe unatengeneza kitu kisichoshikika, halafu unakigawa! Hiyo nayo ni kazi?"

Maneno hayo yalirudiwa mezani mpaka baba na mwana wakawa wanasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Kisha kaka mtu akaugua siku nane, akafa. Neno la siri la ukurasa wa Fagio alikwenda nalo kaburini. Mama akakifunga chumba chake, akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga.

Programu iliendelea kutumika vilevile, toleo la tatu, pamoja na kosa lake moja. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya kutunza saa. Betri hiyo ikifa, mashine husahau tarehe, ikajiona iko miaka mingi nyuma. Fagio ikikuta mashine ya namna hiyo, iliganda kwenye asilimia tisini na tisa, na hapo ingekaa kutwa. Dawa yake Bisibisi aliijua: unarekebisha saa kwanza, ndipo unafagia.

Miaka miwili ilipita hivyo. Alhamisi moja asubuhi akaingia nesi wa zahanati ya mtaa wa pili, amekumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa.

"Dada fundi, niokoe. Kadi zote za chanjo zimo humu, na leo inakwenda kama konokono mwenye mimba."

Bisibisi alicheka, akawasha Fagio. Kisanduku kikachomoza katikati ya kioo: *Kuna toleo jipya, la nne. Nilete?*

Alidhani amesoma vibaya. Akasoma tena. Nesi alikuwa akimhadithia habari za foleni ya wajawazito, naye akiitikia "ehe, ehe" bila kusikia. Akabonyeza *Ndiyo*. Fagio ikajifunga, ikajifungua, ikaanza kazi. Ndipo akaona tarehe ya zamani pembeni mwa kioo: saa ya mashine ile ilikuwa imekufa, na hakuirekebisha. Tisini na saba. Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia. Haikusita hata kidogo. Chini, mahali palipozoea kuandikwa neno moja tu, *Tayari*, paliandikwa: *Tayari. Nawa mikono.*

Bisibisi alikuwa ameshika kipande cha mkate. Hiyo ndiyo tabia yake tangu zamani, kula na vidole vyenye vumbi la mashine, na mtu wa kumkemea alikuwa mmoja tu, kaka yake. Akauweka mkate chini taratibu.

"Vipi, imekufa?" nesi aliuliza.

"Imepona," alijibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Nesi alipoondoka na nakala ya Fagio ndani ya mashine yake, Bisibisi aliufungua ukurasa wa Fagio. Toleo la nne lilikuwa limewekwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Jina la aliyeliweka lilikuwa la marehemu. Alijipa moyo: labda kuna mjuzi mahali amevunja kufuli, watu wa mitandao hawana dogo. Lakini mjuzi gani huyo anayejua habari za mkate? Akaandika kwenye kisanduku cha maoni, "Wewe ni nani?" Hakujibiwa.

Jumatano iliyofuata simu yake iliita. Nesi.

"Dada fundi, hii programu yako siku hizi inatoa utabiri? Imejiletea toleo la tano, imefagia, sasa imeniandikia hapa: *Diski hii haifiki Ijumaa. Toa kadi za watoto.*"

"Haiwezekani. Niliipima mwenyewe, nzima kabisa."

"Basi njoo uambiane nayo, mimi nina wagonjwa."

Alikwenda. Akaipima tena kwa programu nyingine mbili, zote zikasema diski haina neno. Hata hivyo alizinakili kadi zote, huku akijicheka mwenyewe. Ijumaa kabla ya adhuhuri diski ilianza kulia kama mtu anayesaga meno usingizini, halafu ikanyamaza moja kwa moja.

"Ulijuaje?" nesi alimuuliza.

"Sikujua."

Tangu siku ile nesi alimheshimu sana, ila akawa anamsalimia kutoka mlangoni, mguu mmoja nje.

Jumatatu mama yake alimpigia. Mama hakuwa mtu wa maneno ya mzunguko. "Njoo umwone baba yako. Amekwisha, mwanangu. Nguo zinamvaa yeye. Na kila Jumatano karakana haifunguliwi."

"Jumatano anafanya nini?"

"Njoo Jumatano," mama alisema, akakata.

Alifika saa mbili na nusu, jua limeshaingia sebuleni. Mama alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele uliokwisha kuwa safi.

"Yumo chumbani kwa kaka yako. Aliniomba ufunguo mwezi uliopita, nikampa, nikajua anataka kulia peke yake, maana msibani hakulia. Sasa nenda kasikilize mwenyewe."

Mlangoni alisikia kibodi ikigongwa. Tak. Tak. Kimya. Tak. Akausukuma mlango.

Baba yake alikaa kwenye kiti cha marehemu, amekonda mpaka mifupa ya shingo ilihesabika. Alikuwa akigonga kwa vidole viwili vinene, vya shahada. Hakuwa akitazama kioo. Alitazama ukuta mtupu, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyofanya karakanani anaposikiliza msumeno kama umekata sawa. Mtu huyu hata namba ya simu alikuwa akibonyezewa na watu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ngoja kidogo, asije akapotea mstari."

Bisibisi alisogea, akatazama kioo. Mistari ilishuka safi, imepangwa kwa mtindo wa kaka yake: mifupi, hakuna neno la ziada. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nani asije akapotea?"

"Kaka yako. Ananisomea herufi moja moja." Baba alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimsomea vipimo vya mbao, yeye anaandika. Sasa ananisomea yeye. Mimi maana yake siijui. Naandika tu."

"Baba, unasikia sauti?"

"Wewe husikii?"

Alisikia feni ya kompyuta, na mama akichezesha ungo kule nje. Basi. Alitaka kusema kwamba huzuni humfanya mtu asikie mengi, na kwamba kuna daktari mmoja mzuri. Mdomo ukafunguka, ukatoa jingine.

"Mwulize kama ana la kuniambia."

Baba alisikiliza. Kisha akageuza uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama.

"Anasema ile simu uliyoizima, hakukupigia ili aage. Hakujua kama anakufa. Alikuwa amepata kosa la saa lilipo, alitaka kukutajia mstari."

Bisibisi alifunika uso. Siku ya nane ya ugonjwa, kaka yake alimpigia simu mara mbili kutoka hospitalini. Yeye alikuwa amefungua mashine ya mteja, skrubu zimetapakaa mezani, akaizima ili asivurugikiwe. Jambo hilo hakulisema kwa mtu yeyote. Hata kwenye maombi alilipita pembeni.

Alilia, baba akamwacha alie. Alipoinua macho, ile mikono miwili ilikuwa imerudi kwenye kibodi. Ndipo hofu nyingine ikamshika, kubwa kuliko ya kwanza. Aliona jinsi shati lilivyoning'inia mabegani. Alimwona baba akimeza mate kila baada ya herufi, kama mtu anayepandisha mlima.

"Kaka," alisema, akiutazama ukuta ule ule. Hakuona haya. "Baba anakwisha. Umemfaidi, naye amekufaidi. Mwachie. Kama kazi imebaki, nisomee mimi."

Tak. Tak. Kisha vidole vya baba vikasimama hewani. Feni ya kompyuta ikapunguza mwendo, ikanyamaza, kioo kikawa cheusi. Baba akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia.

"Amesikia," alisema. Alisimama, akamshika binti yake kichwani, akaenda kulala. Alilala mpaka kesho yake.

Bisibisi alikaa kwenye kile kiti hadi jioni, akaja Jumatano ya pili, na ya tatu. Hakusikia chochote. Wakati huo baba alianza kula, nyama ikamrudia mwilini, karakana ikafunguliwa siku zote. Siku moja wakinywa chai, Bisibisi alimgusia habari za chumbani.

"Mimi?" baba alishangaa kwelikweli. "Niliingia chumba kile lini? Hicho kidude hata kuwashwa kwake sikujui."

Bisibisi alimtazama mama. Mama alikuwa ameshaipa meza mgongo, akiosha kikombe kisafi. Hawakulizungumza tena.

Lakini ile mistari ilikuwa imebaki ndani ya mashine, na ukurasa ulikuwa bado wazi, haukuuliza neno la siri. Bisibisi akaanza kuisoma, mstari mmoja kwa siku, anayoielewa na asiyoielewa. Ilimchukua miezi saba. Toleo la sita aliliandika mwenyewe, mchana, kibandani, kati ya mteja na mteja, akaliweka mtandaoni.

Maoni ya kwanza yalikuja baada ya saa moja, kutoka kwa mtu asiyemjua: "Hili ni baya kuliko lile la tano. Limenifutia picha za harusi. Aliyeliandika amelewa?"

Bisibisi alicheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia. Kisha akamjibu yule mtu kwamba picha zake zitafufuliwa leo leo, asizime mashine, akavuta kiti na kuanza kutafuta kosa liko mstari gani.