Matundu ya Ngazi ya Samaki

Goma hatuna mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye mawe ya volkano, na ukitaka kuyaona tena uwe na siterne, yaani tangi la kukinga maji ya mvua. Ndiyo maana mume wangu Havugimana anaheshimiwa mtaani: siterne aliyoijenga haivuji hata tone. Nami kwa majivuno nikawaambia watu wa nyumbani kwetu nilikozaliwa, karibu na Kiwanja, kwamba ngazi yao ya samaki imepata fundi.

Ngazi hiyo ni vyumba vya saruji vilivyopangwa kama vipandio kando ya bwawa, ili kambare wapande mto kutaga mayai wakati wa mvua. Ilikuwa imezeeka, kuta zimepasuka, na walioishi upande wa juu wa bwawa walikuwa wamesahau ladha ya samaki. Havugimana alifunga maji, akaziba nyufa, akapiga plasta laini. Mimi mwenyewe nilimpitishia mawe.

Siku ya kufungua maji kijiji kizima kilikuja. Maji yalishuka chumba kwa chumba, nikapiga vigelegele. Kisha kambare wakafika, matumbo yamejaa mayai. Wakagonga ukuta wa kwanza. Wakarudi nyuma, wakagonga tena. Hakupanda hata mmoja. Vigelegele vilinikauka mdomoni.

Baba yangu, muzee Nsengimana, aliyekuwa mgonjwa siku zote za kazi, aliletwa kwenye kiti.

"Havugimana, matundu ya chini iko wapi?"

"Nilifunga yote, papa. Maji ilikuwa inapotea."

"Mungu wangu! Kambare haruki, mutoto wangu. Anapita chini, mu tundu!"

Kila ukuta ulikuwa na tundu lake, na tulikuwa tumeyaziba yote, mimi na yeye! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na aliyemsifu ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Tufunge maji kwanza," watu wakamwambia. Havugimana hakungoja. Aliingia na nyundo na patasi, maji yakimfika kifuani, akaanza kuvunja plasta ile ile aliyoipapasa jana kama shavu la mtoto. Alipiga kwa kupapasa chini ya maji, vidole vinatoka damu.

Mara akasimama wima, macho yamemtoka, kambare mzima anapita katikati ya miguu yake.

"Apolline!" akaniita kwa kelele, yeye ambaye neno "kuvuja" humnyima usingizi. "Apolline, inavuja!"