Kidonda Kilichonyamaza

Nyumba nzima ilifurahia mguu wa mzee, isipokuwa binti yake mdogo, mpimaji wa maabara. Siku ya nne tangu akanyage msumari kwenye karakana yake ya useremala, kidonda hakikuvimba, hakikupata joto, wala hakikutoa usaha. "Damu ya ujana hiyo!" mzee alitamba. Lakini kilizidi kuchimbika, na kingo zake zilikuwa zimepauka. Binti akamkokota mpaka hospitali anakofanya kazi, mzee akalazwa huku akinung'unika.

Chini ya hadubini, damu yake ilijaa chembe nyeupe, wale askari wa mwili, kupita kiasi. Binti akaweka kioo cha pili, chenye majimaji ya kidonda. Bakteria walijazana humo wakiponda raha. Chembe nyeupe zilikuwa tatu tu. Nyama iliyoumia hutoa kemikali, na chembe nyeupe huzifuata kama mtu anavyofuata harufu ya jikoni, zikipenya kuta za mishipa mpaka penye madhara. Hizi zilikuwa zinazunguka tu njiani, hakuna aliyeziita. Na kitu kinachoweza kuuziba mwili mdomo namna hiyo alikijua.

Alikwenda wodini mbio.

"Baba, unakunywa dawa gani?"

"Mimi? Sinywi dawa yoyote."

"Baba, nakuomba."

"Labda vile vidonge vyako vya magoti. Ile nayo ni dawa? Ni kitulizo tu, mwanangu. Nanunua kila vikiisha."

Miezi mitatu nyuma, ni binti mwenyewe aliyemletea steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe, za siku tano tu, kwa kuchoka kusikia malalamiko. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Hofu ilikuwa kubwa zaidi, maana mwili ukishavizoea, vidonge hivyo haviachwi ghafla, na bakteria hawangoji mtu.

Alimweleza daktari kila kitu bila kuficha.

"Tutakisafisha leo leo," daktari alisema. "Dawa ya bakteria itapita kwenye mshipa, vidonge tutavipunguza kidogo kidogo. Mwili usipoamka mpaka Ijumaa, tutakata chini ya goti."

Jumatano, chembe tano. Alhamisi, nne. Dada yake mkubwa akamwambia aache kununa, mbona mguu haujavimba hata kidogo? Binti alitamani kumzaba kofi.

Ijumaa asubuhi kioo kilijaa chembe nyeupe hata hazihesabiki. Alisoma kibandiko mara tatu, asije akawa ameshika cha mgonjwa mwingine. Kisha akapanda ngazi mbili mbili.

Mzee alikuwa amekunja uso, jasho linamtiririka, mguu mwekundu umevimba.

"Mwanangu, mguu unawaka moto! Niitie daktari, nakufa!"

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda, machozi yakimtoka.

"Unauma sana, baba?"

"Sana!"

"Hebu niambie tena."