Sahani ya Tatu

Wivu wa Wakesho ulianzia kwenye uzi. Jumapili moja jioni mjukuu wake, Tevin, alirudi nyumbani Kilburn amevaa koti la jinzi lisilo na mikono, mgongoni limejaa viraka vyeusi vya mafuvu, mbuzi wenye pembe, na maandishi yaliyochongoka kama mizizi ya mti uliong'olewa. Mafuvu hayakumsumbua. Vijana wa muziki wa metali huvaa hivyo, na bintiye Dinah, mama yake Tevin, alishamwonya asianze kukemea mapepo kila akiona fuvu. Kilichomchoma ni mshono. Ulikuwa mshono wa mkono, mkubwa mkubwa, wa mtu anayeshona kwa mapenzi bila kujua kushona.

Akauliza ni nani aliyemshonea. Tevin husikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huko. Alijibu bila kuinua macho kwenye simu kwamba ni Lorraine.

Lorraine ndiye mama yake Jeff, mpiga ngoma wa bendi yao. Mama mzima, mwenye mvi, na kijana anamwita jina tupu kama anaita paka. Wakesho yeye alimwita Mama Jeff, kwa heshima, na pia kumkumbusha kila anayesikia kwamba mama huyo ana mtoto wake.

Kesho yake, Tevin alipokwenda kazini, Wakesho akavaa miwani, akafumua viraka vyote, akavishona upya kwa mshono mdogo mdogo wa kusongamana kama siafu njiani. Tevin akalivaa koti lile wiki nzima asione kitu. Hilo nalo likamuuma.

Sasa msimcheke, kwa maana yeye ndiye aliyemlea mtoto huyo. Dinah ni nesi, leo shifti ya mchana, kesho ya usiku, na Tevin alizaliwa na kifua kibovu. Ilibidi Wakesho atolewe Wundanyi, milimani kwao Taita, aletwe London kumshika mtoto. Alimbeba wima ili apate hewa. Alimchua kifua kwa mafuta ya vuguvugu. Alizijua pumzi zake kama watu wengine wanavyojua hatua za mtu kwenye ngazi: hii ya usingizi, hii ya uongo, hii ya pumu inayobisha hodi. Kifua kile, kama vitu vingekuwa na hati, kingeandikwa jina la Wakesho.

Kisha mtoto akakua, akapelekwa chuo huko Lincoln, kwenye nchi tambarare ya mashamba, na huko akakutana na Jeff. Kwao Jeff ni Market Rasen, mji mdogo wenye soko, kanisa na uwanja wa mbio za farasi, ukipiga chafya mwisho mmoja unaombewa afya mwisho wa pili. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na banda lililowahi kulaza trekta. Ndani ya banda hilo vijana wanne wakaunda bendi, wakaiita Black Barley kwa ajili ya mashamba ya shayiri yaliyowazunguka: Jeff kwenye ngoma, Tom gita, Harjit gita la besi, na Tevin sauti.

Kusema sauti ni kumstahi. Kazi ya Tevin ilikuwa kunguruma, kama simba aliyekwama ndani ya pipa. Mwanzoni walipiga katika kilabu cha wakulima, mbele ya wazee waliokuwa wakisubiri bahati nasibu. Wakapiga kwenye baa za Lincoln, mahali ambapo bendi na wasikilizaji wangeweza kugawana meza moja. Wakarekodi nyimbo zao za kwanza bandani, kuta zimeegemezwa magodoro ili majirani wasiite polisi. Chuo kilipokwisha Tevin akarudi London, akapata kazi kwenye ghala la vifurushi, lakini kila Ijumaa alipanda treni kwenda kulekule. Na kila Jumapili alirudi na habari. Gari la kubebea vyombo ni la Mama Jeff, na dereva ni yeye. Godoro lililoziba dirisha la banda ni la Mama Jeff, naye amelala sofani wiki mbili. Supu ya Mama Jeff, chai ya Mama Jeff. Wakesho alisikiliza huku akikuna nazi, na nazi ilikunwa mpaka kifuu.

Halafu yakaja mashindano. Bendi ndogo zingepambana Jumamosi mchana katika ukumbi wa nyuma wa baa moja ya Camden, na mshindi angepanda jukwaa kwenye tamasha kubwa la Agosti, uwanjani, mbele ya maelfu. Tevin alieleza haya akitembea sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akatoa lililokuwa limemkaa kooni: wakishinda, anaacha kazi ya ghala, anahamia Market Rasen wafanye mazoezi kila siku. Mama Jeff ameshamwandalia chumba. Ameshakipaka na rangi.

"Rangi gani?" Wakesho akauliza.

"Kijani."

Kijani ndiyo rangi Tevin aliyoipenda tangu hajajua kuitamka. Kumbe na hilo ameshamwambia huyo mwanamke.

Wakesho hakugomba. Alisema mapenzi ya Mungu yatimizwe, kisha akaomba jambo moja tu. Siku hiyo ya mashindano, bendi nzima, na Mama Jeff wao, waje kwanza Kilburn wale chakula chake. Mwenzake amewalisha mwaka mzima, yeye awalishe siku moja. Tevin akajikuna kichwa. Akasema kabla ya kupiga huwa hawali sana, Lorraine huwapa mkate wa kuchoma na ndizi, basi.

"Mkate wa kuchoma na ndizi," Wakesho akarudia, kama mtu aliyesomewa shtaka.

Tangu Ijumaa jikoni hakukaliki. Alitafuta muhogo kwenye maduka ya Kilburn, akaukataa huu, akaukataa ule, akaupata. Akachemsha maharagwe. Akaponda kimanga cha Kitaita, kile cha muhogo na maharagwe ambacho mtu akila asubuhi analima mpaka jua lizame bila kukumbuka tumbo. Akapika kuku wa mchuzi. Akasukuma chapati, akazipanga ndani ya taulo mpaka zikawa kama mnara.

Wageni wakafika. Vijana walikuwa warefu, wa nywele ndefu na adabu nyingi, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama Jeff alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viganja vikubwa vya mtu wa shamba. Alimpa Wakesho mkono, kisha akamkumbatia, na Wakesho akakumbatika kama ubao.

Sasa hapa ndipo pana jambo. Mama Jeff aliwalea vijana wale kwa sheria moja: ukiwa nyumbani kwa mtu, usibakize chakula, ni matusi. Wakesho naye alilelewa kwa sheria yake: mgeni aliyeshiba hubakiza kidogo, na sahani iliyo tupu inalia njaa. Kwa hiyo Jeff alipokwangua sahani kwa heshima, Wakesho akaijaza kwa heshima. Tom akamaliza, akajaziwa. Harjit akamaliza, akafungua kifungo cha suruali, akajaziwa. Walitazamana kama watu walioingia mtoni wakidhani maji ni ya magotini. Mama Jeff peke yake alikula kidogo, kwa sababu ya kuendesha gari, na akasifu kila kitu.

Tevin ndiye aliyejua sheria zote mbili. Sahani ya pili ilipokwisha aliibeba mwenyewe mpaka jikoni, akamsogelea bibi yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akasema naye kwa Kiswahili.

"Nyanya, tosha. Nikishiba sana, pumzi haishuki."

Wakesho alimsikia. Isisemwe kwamba hakusikia. Tena alimwelewa kuliko yeyote duniani, maana pumzi hiyo ni yeye aliyeihesabu tangu ikiwa ya mtoto. Upawa ukasita hewani, na kidogo tu aurudishe sufuriani. Lakini kutoka sebuleni Mama Jeff akaita, "Tev, mpenzi, umebeba dawa yako ya kuvuta?" Hata kabla hajajibiwa, akapigapiga mkoba wake akasema asijali, yeye daima hubeba ya akiba.

Dawa ya kuvuta ya Tevin! Mkobani mwa mtu mwingine.

Upawa ukashuka, kimanga kikaanguka kwenye sahani, na juu yake mchuzi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kimanga ni nguvu."

Tevin akaitazama sahani ile ya tatu, akamtazama bibi yake, akarudi nayo sebuleni, akaila yote.

Ukumbi wa Camden ulikuwa na giza la mchana na harufu ya bia ya jana. Watu wenye sura za majambazi walimkimbilia Wakesho kwa adabu za wazee wa kanisa: mmoja akamletea kiti, mwingine akampa vizibo vya masikio akamwonyesha jinsi ya kuviingiza. Mama Jeff alikwenda kusimama mbele, karibu kabisa na jukwaa. Wakesho akabaki nyuma, kitini, mkoba magotini.

Black Barley wakapanda. Wimbo wa kwanza ulipita, ingawa Jeff alipiga ngoma kama mtu anayechota maji kisima kirefu, na Harjit alikaa juu ya spika asiinuke. Wimbo wa pili ndio waliouwekea matumaini. Katikati vyombo vyote hunyamaza, Tevin hubaki peke yake na ngurumo moja ndefu, ndefu mpaka watu huanza kupiga kelele wakidhani hataishiwa. Ngurumo hiyo ndiyo iliyowatoa kilabu cha wakulima ikawafikisha Camden.

Vyombo vikanyamaza. Tevin akavuta pumzi. Wakesho akavitoa vizibo masikioni, hakujua kwa nini. Ngurumo ikaanza, ikapanda, na kabla haijafika juu ikakatika kama kamba. Akajaribu kuiunga. Ikakatika tena. Katika kimya kile Wakesho akausikia mluzi mdogo kifuani, ule wa zamani, ambao watu wengine ukumbini hawakuweza kuujua. Mikono yake ikajipaka mafuta yasiyokuwapo.

Tevin akainua macho kutafuta mtu. Wakesho akanyanyuka kitini. Lakini macho ya kijana yalitua karibu, kwa Mama Jeff, aliyekuwa amenyoosha kiganja mbele yake, anakipandisha taratibu, anakishusha taratibu, pumua ndani, pumua nje, mpaka kifua kikatulia. Wakamaliza wimbo kwa shida. Wakesho akaketi. Hata mtu wa kumchoma kisu angesubiri kwanza jeraha hilo lipone.

Matokeo yaliposomwa, Black Barley walikuwa wa mwisho.

Nje, kando ya gari, vijana walipakia vyombo. Wakesho alisubiri Mama Jeff aseme neno kuhusu chakula, alishalipangia na jibu. Mama Jeff akasema hajapata kula chapati kama zile. Kisha akapitisha kidole kwenye viraka vya koti la Tevin, akasema alijua tu kuna mtu mwenye mkono mzuri amevirekebisha, na kwamba yeye mwenyewe shuleni alifeli kushona. Wakesho angetukanwa angepata nafuu.

Jeff akasema kosa lao ni mazoezi machache. Mwezi ujao kuna nafasi nyingine, Leeds, kwa bendi zilizoanguka. Wakitaka kuinuka, lazima wawe pamoja kila siku. Tevin akasema basi yeye anahamia Jumatatu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: wangeshinda, angeondoka Agosti ikikaribia. Walivyoshindwa, anaondoka keshokutwa.

Walirudi nyumbani wawili kwa basi la 31. Wakesho alitazama dirishani mpaka alipochoka kutazama.

"Ulijua," akasema. "Ile ya tatu. Ulijua itakuharibia."

Tevin akaitika kwa kichwa.

"Mbona basi ulikula?"

Kijana akatafuta maneno ya lugha ambayo hakuizoea. "Nyanya, ningekataa chakula chako mbele yake?"

Wakesho akaushika mkono wake. Alikuwa amemshinda Mama Jeff, tena amemshinda vibaya, mezani kwake, mbele ya mashahidi. Ushindi wenyewe ulikuwa umeketi hapo kando yake, macho mekundu, unavuta dawa. Walipokaribia kushuka akamwambia aende tu, na akae chumba hicho cha kijani, na asithubutu kushiba kabla ya kuimba. Jumatatu alimfungia nguo mwenyewe, akaweka juu kichane cha ndizi.

Wiki mbili hazijaisha, simu ikalia. Ni Mama Jeff. Tevin analilia chapati za bibi yake, naye anataka kujifunza. Wakesho, kwa Kiingereza chake kile ambacho huwa anakificha, akamweleza kwa subira: unga kiasi hiki, maji ya vuguvugu, chumvi, mafuta, kanda mpaka mkono uchoke, kata, sukuma, choma. Akarudia mara mbili ili mwenzake aelewe. Mama Jeff akamshukuru sana, akamwita dada.

Siku chache baadaye Tevin akapiga simu akicheka. Chapati za Lorraine zimetoka ngumu, Jeff anasema atazifunga kwenye ngoma yake. Akasema Ijumaa atapanda treni kuja Kilburn kula.

Dinah alikuwa hapo, ametoka shifti, miguu juu ya kiti. Alimsikia mama yake akijibu kwa sauti ya asali, akamtupia jicho.

"Mama, ulimwambia aupumzishe ule unga kabla ya kuusukuma?"

Wakesho akafungua kabati, akatoa unga, akaanza kuuchunga.

"Hakuniuliza," akasema.