Pacha wa Ghorofa

Ramani ya jiji, iliyotokana na picha za ndege, ilikuwa imekamilika na Miwani, aliyeichora, alikuwa anamalizia chai yake ofisini, miguu juu ya meza, shangazi yake alipopiga simu.

"Nimetokea?"

"Umetokea wapi tena, shangazi?"

"Kwenye picha za ile ndege yenu! Mimi nilikuwa juu ya paa naanika nguo, nikaipungia mkono mpaka bega likateguka. Nitolee moja kubwa ya ukutani."

Miwani akacheka, akaikuza ramani kwenye kompyuta, akaifuata barabara mpaka kwenye ghorofa refu la maofisi. Nyuma yake ndipo ilipo nyumba ya shangazi, nyumba iliyomlea tangu meno ya utoto. Akatazama. Chai ikampalia.

Nyumba haipo. Pale pale limesimama ghorofa jingine.

"Shangazi, kuna mtu amejenga hapo kwako?"

"Ajenge nani? Kwangu kuna mimi, kuku, na ndoo zangu za maji."

Ndoo! Miwani akashusha miguu kutoka mezani. Mchana ule ule wahandisi wa maji walikuwa wanakuja kuichukua ramani. Nyumba iliyomo ingevutiwa bomba. Isiyomo ingeendelea kubeba ndoo kichwani, na shangazi alikuwa na shingo moja tu.

Akalitazama lile ghorofa la pili kwa jicho la polisi. Juu ya paa lake kulikuwa na kiti chekundu kilichopinduka, mguu mmoja umevunjika. Akalitazama ghorofa la kwanza. Kiti chekundu, kimepinduka, mguu mmoja umevunjika.

"Weee!" akapiga kelele. "Pacha wa bandia!"

Mkuu wake akaja mbio. Ofisi nzima ilimwita Bosi Pasi, maana shati lake halikuwahi kuonekana na kunyanzi.

"Bosi, ghorofa limeiziba nyumba ya shangazi, kama jitu refu linavyokuziba kwenye picha ya familia. Kamera haikuona kitu nyuma yake. Mashine ya kuunganisha picha nayo, kwa kuona aibu kusema sijui, ikabandika paa lile lile mara ya pili!"

"Ilitakiwa iache doa jeusi," alisema Bosi Pasi.

"Nani alisema ramani yenye madoa meusi ni shati lililoliwa na panya? Nani aliniambia, 'Jaza, mwanangu, jaza'?"

Bosi Pasi akajikuna kisogo. "Na nani alijaza bila kuuliza?"

Wakatazamana, wakapasuka kicheko. Kisha wakakunja mikono ya mashati. Kwa kila jengo refu waliiuliza mashine upya: hapa kamera iliona, au ilizibwa? Palipozibwa pakapakwa weusi. Mapacha wakaanza kufutika mmoja mmoja, na kila mmoja alipotoweka Bosi Pasi alipiga makofi kama yuko uwanja wa mpira. Halafu Miwani akafungua picha ambazo ndege ilizipiga ikirudi, ikitokea upande wa pili wa ghorofa.

Hiyo hapo! Paa la shangazi, kamba ya nguo, na duara dogo la kilemba. Shangazi mwenyewe, ukimtazama kutoka juu, alikuwa kama kitumbua. Lakini kivuli chake kilikuwa kimelala sakafuni kirefu, mkono juu, kinapunga kwa nguvu zote.

Wahandisi walipofika, Bosi Pasi aliwaonyesha madoa meusi yaliyobaki, kifua mbele. "Haya hatukuyaona. Nendeni kwa miguu mkayatazame." Kisha mhandisi mmoja akachora mstari wa buluu, ukazunguka ghorofa, ukaishia mlangoni kwa shangazi.

Miwani akampigia, akicheka mpaka machozi. "Bomba linakuja, shangazi! Na umetokea! Wewe, kivuli chako na nguo zote kambani."

Shangazi akashusha sauti.

"Zote?"

"Zote. Hata zile za ndani, pana, za maua."

"Mungu wangu! Na wahandisi wameziona?"

"Ndizo walizozitumia kuitambua nyumba."

"Basi mwambie rubani arudi," shangazi akasema. "Safari hii nitaanika mashuka."