Pete Isiyo na Mlio

Mkewe alimbandika jina la utani: Toleo la Kwanza. Mwalimu huyo mstaafu wa fizikia alikusanya saa za mkononi za kazi, za wazamiaji na marubani, lakini alitaka za mwanzo kabisa tu, zilizotengenezwa kabla kiwanda hakijang'amua makosa yake.

"Mimi nikizeeka unanisahau," mkewe alimtania. "Saa ikizeeka unaipangusa vumbi."

"Wewe hukutoka na kasoro, mama watoto."

"Kumbe ndiyo maana hunitazami!"

Alicheka, kwa kuwa mkewe alikuwa amegusa penyewe. Toleo la pili lilikuwa na majibu tayari. Katika la kwanza alimwona fundi akiwa bado anabahatisha.

Saa mpya aliinunua Jumatatu kwa mwanamke aliyekuwa akiondoa vitu katika nyumba ya marehemu bibi yake. Ilikuwa ndani ya mkebe, imeviringishwa kitambaa cheupe. Ilikuwa saa ya mzamiaji, yenye pete ya nje inayozunguka. Mzamiaji anaposhuka majini huisogeza pete hiyo mpaka alama yake ielekee mshale wa dakika. Akitazama baadaye, anajua amekaa chini kwa muda gani.

Mwalimu alifanya kama alivyozoea. Aliweka mishale kwenye saa nne na dakika kumi, akairudisha alama ya pete juu kabisa, akapiga picha.

Alhamisi mchana alibisha mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi. Alikaribishwa kiti, akabaki wima.

"Binti wa marehemu kaka yangu amekuuzia saa. Siitaki, mwalimu. Nataka kuona tu alama ya pete ilikoelekea."

"Kwa nini?"

"Kaka alikuwa mzamiaji bandarini. Mimi nilishika kamba yake. Saa ilikuwa hiyo moja tu, mkononi mwake. Hewa yake ilikuwa ya dakika ishirini na tano. Zikikaribia kwisha, angevuta kamba. Hakuvuta. King'ora cha saa sita kamili kilipolia, nikaingiwa na hofu, nikamtoa. Alikuwa amekwisha kufa. Alama ikiwa kwenye dakika ya thelathini na tano au mbele yake, hewa ilikuwa haijamwishia, sikuchelewa. Ikiwa nyuma, nilikaa nimeshika kamba ya maiti, nikitazama ndege."

"Hukuwahi kuiona?"

"Mama aliivua mwenyewe, akaisoma, akaifungia. Hakuniambia alichokiona. Ila tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu. Mwezi uliopita tumemzika."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa mwalimu: dakika ya arobaini, ndugu yangu, nenda ukalale. Akashindwa kuutamka.

"Nimeizungusha," alisema. "Nilitaka ipendeze kwenye picha."

Mgeni hakupaza sauti. Alinyoosha kiganja, akapewa saa. Akaigusa pete kwa kidole gumba. Ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, bila mlio wowote.

"Mbona nyepesi hivi?"

"Ni toleo la kwanza. Matoleo ya baadaye yanazunguka upande mmoja tu, tena kwa kukwaruza. Hii inakwenda kote. Ikigusa kamba, inasogea. Ikigusa mkono wa mtu, inasogea."

"Hata mama alipoivua?"

"Hata alipoivua."

"Hata majini, kabla sijamtoa?"

"Hata majini. Huenda kaka yako mwenyewe aliisoma ikiwa imeshasogea."

Mgeni aliketi sasa, bila kuambiwa.

"Basi mama hakujua," alisema polepole. "Miaka thelathini na moja, mwalimu, na hakujua."

Aliirudisha saa mezani, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mwalimu alijaribu kukumbuka. Jumatatu ile alikuwa amekagua rangi ya namba, unene wa pete, mwandiko wa jina la kiwanda. Alikuwa ametazama kila kitu isipokuwa dakika. Akavuta droo, akazitoa saa nyingine za wazamiaji, sita, akazipanga karibu na ile mpya. Alama zote zilielekea juu kabisa, sawasawa, kama alivyoziweka yeye kwa mkono wake, moja baada ya nyingine.

"Chai inapoa," mkewe aliita.

Mwalimu alikuwa akijiuliza ni nani mwingine angekuja kubisha.